UZI: Goti limebadilishwa, eksirei safi, lakini paja limegoma. Nani amejaribu mazoezi ya kichwani?

Fizio_wa_Ziwani

Wadau hamjambo. Nafanya kazi ya fizio (tiba ya viungo kwa mazoezi) hapa Kisumu, na kabla ya kuja huku nilikaa Nakuru. Nimeamua kufungua uzi kwa sababu swali hili linaingia kwenye simu yangu kila mara, tena usiku, kutoka kwa watoto wa wagonjwa: "Mama amebadilishiwa goti, daktari anasema eksirei iko sawa, lakini mguu hauinuki kitandani. Kwani wamekata nini?"

Jibu fupi ni kwamba mara nyingi hakuna kilichokatwa kimakosa. Goti likifunguliwa, mifupa ikachongwa, chuma na plastiki vikapachikwa, kiungo hujaa maji na damu. Neva za kiungo hupeleka habari kwenye uti wa mgongo kwamba hapa kuna jeraha, na uti wa mgongo unazuia amri zinazoshuka kwenda kwenye misuli ya mbele ya paja. Watafiti waliwahi kudunga maji ya chumvi ndani ya magoti yasiyo na ugonjwa wowote. Paja likalegea, na wenyewe hawakuwa hata na maumivu. Sasa fikiria goti lililotoka kwenye kisu.

Mwezi wa kwanza baada ya upasuaji, nguvu ya paja hilo hushuka kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na ilivyokuwa kabla. Familia huona mguu umekonda wakadhani dawa ni uji na supu ya miguu ya ng'ombe. Supu mpeni, haina ubaya. Lakini sehemu kubwa ya udhaifu wa siku zile za mwanzo haitoki kwenye nyama, inatokana na amri kutofika. Ni nyumba iliyokatiwa stima: balbu nzima, nyaya nzima, giza tupu.

Ndiyo maana nawafundisha wagonjwa wangu mazoezi ya kichwani pamoja na yale ya mwili. Mtu anatulia, anafumba macho, anafanya zoezi zima kwa mawazo bila kujisogeza: anakaza paja, anainua mguu, anasimama kutoka kitini. Sehemu za ubongo zinazopanga mwendo huamka karibu sawa na anapofanya kweli. Na zoezi la kweli lina kikomo chake. Kuna saa goti limevimba, dawa ya maumivu imeisha nguvu, mgonjwa hataki kumwona fizio wala mtoto wake. La kichwani halivimbishi goti.

Aliyejaribu aseme, awe mgonjwa au mwenye kumuuguza. Na mwenye shaka pia aseme.

Mkulima_Njoro

Bosi, kwa heshima zote. Mzee wangu alibadilishiwa goti hapa Nakuru na kilichomwinua ni yale mazoezi ya kutoa machozi, wala hakuna mtu alimwambia afumbe macho. Sisi huku tumeshauziwa mkanda wa sumaku, mafuta ya mbuni, maji ya baraka na majani ya kuchemsha. Hii ya kufikiria ni biashara ya nani?

OmeraKondele

Mkulima umeua 😂😂 Mimi nafikiria nina pesa kila asubuhi na M-Pesa haijawahi kuitikia.

Fizio_wa_Ziwani

Mkulima, hiyo ndiyo shaka ninayoipenda. Kwanza, hakuna anayeiuza. Haina chupa wala mkanda, na ukifika kliniki ukadaiwa ada ya pekee ya "tiba ya mawazo", toka.

Pili, ushahidi. Mwaka 1992 Guang Yue na Kelly Cole wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walichukua watu wenye afya wakawafundisha kukaza msuli wa kidole kidogo cha mkono kwa wiki nne. Kundi moja lilikaza kweli, lingine lilikaza kwa mawazo tu, la tatu halikufanya kitu. Waliokaza kweli waliongeza nguvu kwa 30%, waliofikiria wakaongeza 22%, na wale wa tatu hawakufika hata 4%. Kidole hakikunenepa. Kilichobadilika ni amri inayotoka juu.

Sasa upande wa pili, ili usiseme nakuficha. Mwaka 1998 watafiti wa Australia walijaribu jambo kama hilo kwenye misuli ya kukunja kiwiko. Waliofikiria hawakuwapita wale waliokaa bure. Kwa hiyo ukikutana na mtu anayekuapia kwamba mawazo pekee hujenga misuli, mwache aende zake.

Kwa goti lenyewe, kuna majaribio yaliyofanywa Slovenia na kwingineko. Yale ya Slovenia yaligawa wagonjwa thelathini na kitu waliobadilishiwa goti: wote walipata fizio ya kawaida, na nusu yao wakaongezewa mazoezi ya kichwani nyumbani. Baada ya mwezi, walioongezewa walikuwa wamepoteza nguvu chache za paja kuliko wenzao. Soma vizuri: hawakuwa na nguvu zaidi kuliko kabla ya upasuaji, ila hasara yao ilikuwa ndogo. Idadi ya watu ni ndogo, na muda ni mfupi. Mimi natumia mbinu hii kwa sababu haina gharama, hatari yake ni ndogo, na inaziba zile saa ambazo mgonjwa amelala anahesabu mabati. Haichukui nafasi ya machozi ya mzee wako. Machozi yaendelee.

Mkulima_Njoro

"Hasara yao ilikuwa ndogo." Hapo umeongea kama mtu. Bado nataka kuona utafiti wa watu mia tano.

Fizio_wa_Ziwani

Hata mimi.

BintiWaMaragoli

Daktari shikamoo. Mama yangu ametoka hospitali juzi, tuko naye nyumbani Vihiga. Fizio wa wodini alimwonyesha mazoezi matatu na karatasi. Karatasi iko, mama hataki. Kila nikimwambia ainue mguu ananiambia "mwanangu, mguu huu si wangu, ni wa hospitali." Kumrudisha kliniki mara tatu kwa wiki ni nauli ya watu wawili, na barabara yetu pikipiki zenyewe zinaomba dua. Hayo mazoezi ya kichwani anaanzaje? Naomba uandike kama unamwandikia mtu asiyejua kitu.

Fizio_wa_Ziwani

Marahaba dada, ingawa mimi si daktari, ni fizio tu. Na hilo neno la mama, kwamba mguu si wake, nalisikia kwa wengi. Usibishane naye.

Nitakuandikia zoezi moja kwa urefu, la kuinuka kitini. Likikaa sawa, mengine yatafuata njia hiyo hiyo.

Tafuta kiti atakachotumia kila siku. Si kochi la sebuleni linalomeza watu. Kiti cha mbao chenye mikono, na kama ni kifupi weka mto mgumu. Avae viatu vyake vya kushika nyuma, sio malapa. Kwanza ainuke KWELI mara moja kwa fremu ya kutembelea, wewe ukiwa pembeni, hata akiishia nusu. Akirudi kukaa, afumbe macho papo hapo wakati mwili bado unakumbuka.

Halafu wewe umsemeshe polepole, kwa lugha anayoota nayo. Kama ni Kilogooli iwe Kilogooli. Kitu kama hiki:

"Sogea mpaka ukingoni mwa kiti. Sikia mbao chini ya mapaja. Vuta miguu nyuma, huu wenye goti jipya ukae mbele kidogo. Kisigino kimekanyaga. Mikono imeshika mikono ya kiti. Inama mbele, pua ivuke magoti. Sasa kaza paja. Kaza tena. Sikia pia ya goti, ule mfupa wa mbele, ikivutwa kwenda juu. Sukuma sakafu. Makalio yameachana na kiti. Nyoosha goti, nyoosha, nyoosha mpaka mwisho. Umesimama. Mshono unavuta kidogo, ni sawa. Pumua."

Kisha akae vile vile, kwa mawazo, paja likishikilia uzito mpaka chini. Watu wengi hufanya zoezi la kuinuka wakasahau kukaa, na kukaa ndiko kunakowaangusha kwenye kiti kama... basi, unajua wanavyoanguka.

Mambo ya kuzingatia. Ajisikie kutoka ndani ya mwili wake. Asijitazame kwa mbali kana kwamba anamwangalia mama mwingine. Nataka asikie mkazo wa paja, uzito kwenye kisigino, mvuto wa mshono. Picha ya macho peke yake haitoshi. Misuli ibaki imelegea wakati anafikiria. Weka kiganja juu ya paja lake uhakikishe. Arudie mara tano sita, apumzike, ainuke kweli mara moja tena, amalize. Kwa siku dakika kumi hadi kumi na tano zinatosha, ukizigawanya asubuhi na jioni. Baada ya hapo akili huchoka na mtu huanza kuwaza deni la mbegu.

Na usimwekee mto chini ya goti akilala, hata akikuomba kwa machozi. Goti litazoea kukunja na halitanyooka tena vizuri. Mto uwekwe chini ya kisigino.

SistaMstaafu

Naomba niingie. Mimi ni muuguzi mstaafu, Kakamega, na goti langu la kulia ni la chuma. Nimewauguza wengi wa aina hiyo kabla ya kuwa mmoja wao, na nawaambieni, kujua hakupunguzi maumivu.

Fizio wangu alinifundisha hii kabla ya upasuaji, na ningependa wengine wasisitizie hapo. Usingoje mpaka umelala na mirija ndipo ujifunze kuwaza mguu. Kabla ya kisu mguu unauma ndiyo, lakini unajua ladha ya kunyanyua paja lako. Ukiisha amka na ganzi ya mgongo, ile ladha imepotea, unaitafuta gizani.

Mimi zoezi langu halikuwa la kiti cha nyumbani. Lilikuwa benchi la kanisani. Sisi tunasimama wakati wa injili, na mimi ni mtu wa benchi la pili, kila mtu ananiona. Nilikuwa nalala wodini najiwazia: kwaya imemaliza aleluya, padri anafungua kitabu, benchi la mbele yangu nalishika kwa mkono wa kushoto, leso yangu iko mapajani lazima niitoe kwanza, halafu napeleka kifua mbele. Ile leso! Ukiisahau kwenye mawazo utaisahau na kweli, na itakutega miguuni.

Nilipoulizwa lengo langu ni nini nikasema injili ya Jumapili. Yule kijana wa fizio akaandika "kusimama kutoka kitini". Sawa tu, lakini mimi nilijua nawaza nini.

Fizio_wa_Ziwani

Sista, asante sana. Umegusa jambo ambalo wataalamu wa michezo huko Uingereza, Paul Holmes na Dave Collins, waliliandikia mwaka 2001: zoezi la kichwani likaribie la kweli kwa kila kitu. Mwili ukae mkao ule ule, mahali pawe ni pale pale, kazi iwe ile ile, muda uwe ule ule, na hisia ziwemo. Hata hofu kidogo na aibu ya watu kukutazama ziwemo. Na zoezi libadilike kadiri unavyopona. Usiendelee kuwaza fremu wakati umeshafika kwenye fimbo. Benchi lako na leso yako vinashinda maelekezo yote niliyowahi kuchapisha kwenye karatasi.

Mbio_Kapsabet

Huku kwetu wakimbiaji wanafanya hivi tangu zamani bila kuita jina. Usiku kabla ya mbio unalala unakimbia kozi yote, pale kuna kona, pale kuna kamlima, hapa wenzako wanavuta. Mimi sikuwahi kufika mbali na mbio, goti lilinitoa, lakini kulala nakimbia nilijua.

Ghorofa3_Nakuru

Sisi tuko Nakuru, ghorofa ya tatu, na lifti hakuna, kama mnavyojua nyumba zetu. Baba alibadilishiwa goti, akashuka kwenye gari la wagonjwa, akabebwa mpaka juu na vijana wanne. Tangu siku hiyo hajashuka. Anasema ngazi anazishuka kichwani kila siku na amezimaliza zote, sekunde chache yuko chini. Mimi naona ananidanganya. Kuna njia ya kujua kama mtu anawaza kweli?

Fizio_wa_Ziwani

Iko, na ni rahisi. Chukua simu, fungua saa ya kupimia. Mwambie afumbe macho, ashuke ngazi za ghorofa moja kwa mawazo, aseme "naanza" na "nimefika". Halafu, siku fizio yupo au wewe umejifunza kumshika, ashuke kweli ghorofa hiyo moja, upime tena.

Mwaka 1989 watafiti wa Lyon, Ufaransa, wakiwemo Jean Decety na Marc Jeannerod, walipima muda wa watu kutembea kweli na muda wa kutembea kwa mawazo kuelekea alama zilizowekwa mita kadhaa mbele yao. Nyakati zilikaribiana sana. Wakawabebesha mzigo wa kilo 25. Wakitembea kweli na mzigo, muda wao haukubadilika sana, lakini kwa mawazo ukarefuka. Akili iliuhesabu mzigo ingawa miguu iliumudu. Mimi hapo huwa nawaza mama zetu wa soko la Kibuye na magunia yao.

Kwa hiyo baba akimaliza ghorofa tatu kwa sekunde chache, hashuki ngazi, anasimulia. Mrudishe kwenye ngazi moja. Mkono kwenye chuma cha ngazi. Ni baridi? Kina kutu wapi? Wakati wa kushuka, mguu wenye goti jipya unatangulia chini, mzima unafuata. Wakati wa kupanda, mzima unatangulia juu, huu wa chuma unafuata pamoja na fimbo. Akivuruga mpangilio huo kwenye mawazo ataufundisha mwili makosa, kwa hiyo aanze kwa kuusema kwa sauti.

Na pia kuna mtu anayekaa ghorofa ya kwanza? Mwombe mpumzike pale. Baba akijua kuna kiti njiani, zoezi la kichwani linakuwa na mwisho, na la kweli pia.

Ghorofa3_Nakuru

Nimempima. Nimecheka sana. Ghorofa nzima amemaliza kabla sijaweka simu sawa. Nimemrudisha kwenye ngazi moja, akakasirika, kisha akanyamaza, kisha akasema "kuna ngazi ya tano imebomoka pembeni." Ni kweli imebomoka. Caretaker hajairekebisha tangu mwaka jana.

BintiWaMaragoli

Nimerudi. Mama anafanya, lakini kuna shida mbili. Moja, akifumba macho anaona anaanguka tu, palepale kwenye mteremko wa kwenda chooni. Choo chetu kiko chini ya migomba na ni cha shimo. Pili, kuna wakati anasema goti linauma kwa kufikiria tu, na mimi nilimwambia haiwezekani.

Fizio_wa_Ziwani

Dada, inawezekana. Usimbishie. Mwaka 2008 Lorimer Moseley wa Australia na wenzake waliandika juu ya watu wenye maumivu sugu ya mkono ambao walipofikiria tu kuusogeza, maumivu na uvimbe viliongezeka. Huo ni ugonjwa tofauti na wa mama, lakini unatuonyesha kwamba ubongo ukishajifunza kuogopa mwendo, wazo la mwendo linaweza kuleta maumivu.

Kinachofanyika ni kurudi nyuma hatua moja. Mama aanze na ule mguu mzima. Awaze unainuka, unakunja, unanyooka, mpaka awe na raha nao. Au amtazame mtu mwingine: kama kuna mjukuu, akae mbele ya bibi yake ainuke na kukaa taratibu huku bibi akimtazama goti. Kutazama nako kunaamsha sehemu nyingi zile zile za ubongo, na inawafaa pia watu ambao wakifumba macho hawaoni picha yoyote. Wapo wa aina hiyo, wala si wajinga. Maumivu yakitulia, arudi kwenye mguu wake, kwa kitu kidogo tu, mfano kukaza paja akiwa amelala.

Kuhusu kuanguka: usimwache amalizie anguko. Mwambie arudishe nyuma mpaka pale alipokuwa imara, labda mlangoni, asimame hapo, ashike fremu, arudie hatua mbili za mwanzo tu. Lakini pia nenda ukautazame huo mteremko kwa macho. Kama kweli unaangusha watu, hofu yake ina akili. Chimba vidaraja, weka mti wa kushika. Hakuna zoezi la kichwani linalokausha tope.

Na choo cha shimo msahau kwa sasa, hata kwa mawazo. Goti jipya wengi hufika kukunja nyuzi 110 au 120 baada ya miezi, na kuchuchumaa kunataka zaidi ya hapo. Tafuta kiti cha plastiki, kitobolewe katikati, kiwekwe imara juu ya shimo. Fundi yeyote wa sokoni anakijua. Lakini hakikisha miguu ya kiti haitelezi. Halafu zoezi lake la kichwani liwe la kukaa juu ya KITI HICHO.

OmeraKondele

Natania lakini nasoma. Swali la kweli: mama mdogo alifanyiwa hapa Kisumu, sasa ni kama wiki mbili. Nyama ya nyuma ya mguu, ile ya chini ya goti, imevimba upande mmoja, ngumu, inauma akiguswa. Yeye anasema ni mazoezi. Tuendelee na ya kichwani mpaka ipungue?

Fizio_wa_Ziwani

Hapana. Mpeleke hospitali leo, usingoje kesho, na usimkande. Inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa. Kama ana maumivu ya kifua au anapumua kwa shida, hiyo ni dharura ya dakika hii, usisubiri tuktuk ijaze abiria. Na kwa wote wanaosoma: homa, usaha kwenye mshono, wekundu unaoenea, au mguu uliokuwa unakunja ukaacha ghafla, hayo hayana zoezi la kichwani wala la mwili mpaka daktari aone.

SistaMstaafu

Omera mwanangu, nenda sasa. Simu utaijibu ukiwa njiani.

OmeraKondele

Tumefika. Wamemchukua wampime. Asanteni.

Mkulima_Njoro

Ugua pole kwa mama mdogo. Fizio, swali la mkulima: uvimbe. Umesema maji kwenye goti ndiyo yanazima paja. Kwa nini basi tusishughulike na maji badala ya kuzunguka na mawazo?

Fizio_wa_Ziwani

Swali bora la uzi huu. Tunashughulika na yote mawili, na uvimbe kwanza. Barafu dakika kumi na tano hadi ishirini, mara kadhaa kwa siku, ikiwa imefungwa kwenye leso au taulo, kamwe isiguse ngozi moja kwa moja. Hapa Kisumu ni rahisi, barafu ya samaki inauzwa. Nakuru na vijijini, gandisha maji kwenye pakiti kwa jirani mwenye friji. Mguu uinuliwe juu ya usawa wa moyo, kisigino kwenye mto. Kusukuma kifundo cha mguu juu na chini kila saa anapokuwa macho. Na kutembea kidogo mara nyingi, badala ya kutembea sana mara moja na kurudi na goti kama tikiti.

Mimi hupenda mgonjwa afanye zoezi la kichwani wakati huo huo barafu iko juu ya goti. Mguu uko juu, hakuna pa kwenda, maumivu yamepoa kidogo. Barafu ikitolewa, anakaza paja kweli papo hapo, mara kumi. Baadhi ya wagonjwa wangu, mara ya kwanza kuona pia ya goti ikisogea ilikuwa wakati huo, kwenye paja ambalo asubuhi lilikuwa limekufa. Sikuambii kila mtu. Nakuambia saa ambayo mimi huitazama.

Mkulima_Njoro

Sasa hiyo naweza kumweleza mzee bila kuchekwa. Ana goti la pili linalosubiri zamu.

Fizio_wa_Ziwani

Basi aanze kabla, kama alivyosema Sista. Na hayo ya machozi pia aanze kabla.

BintiWaMaragoli

Fizio, Alhamisi ya wiki ijayo tunarudi kliniki Kisumu kutolewa nyuzi za mshono. Gari ni matatu. Mama tayari ameanza kuiogopa, kuanzia Mbale mpaka mjini. Nimfanyishe kichwani?

Fizio_wa_Ziwani

Mfanyishe, lakini kwanza panga safari yenyewe. Mpigie dereva mnayemjua, mlipie mama kiti cha mbele kando yake, kirudishwe nyuma chote. Muondoke asubuhi kabla ya foleni ya Kiboswa. Dawa ya maumivu anywe muda ule alioambiwa na daktari, ili iwe inafanya kazi mkiwa njiani.

Kuingia: asipande kwa mguu mmoja. Ageuze mgongo kwa kiti, arudi nyuma mpaka ahisi ukingo umegusa mapaja, mkono mmoja kwenye kiti mwingine kwenye mlango ulioshikwa na mtu (sio mlango unaoning'inia), akae, halafu ndipo azungushe miguu yote miwili ndani, wewe ukishikilia kisigino cha goti jipya. Kiti cha mbele cha matatu ni kirefu kidogo kwenda juu, kwa hiyo tafuta pahali penye ukingo wa barabara apandie hapo, gari likaribie. Hayo yote ayawaze kuanzia leo, akiwa amekaa kwenye kiti chake cha mbao na viatu miguuni. Njiani asukume kifundo cha mguu juu na chini kila mara, na mkifika Majengo mwombe dereva dakika moja anyooshe goti.

Na beba karatasi ya mazoezi. Mwonyeshe fizio wa kliniki ni yapi ameyafanya kweli na yapi ameyafanya kichwani tu, maana yeye atapima kunyooka na kukunja kwa nyuzi, na anahitaji kujua.